Kibao cha Laini ya Tisa

Wabunge wenzake walimwita Fundi, na mwanzoni hawakumwita hivyo kwa heshima. Jina hilo alilipata siku yake ya kwanza bungeni. Aliposimama kuchangia, alisita, akamtazama mbunge aliyeketi mbele yake, kisha akasema kabla hajajua kwamba kipaza sauti kimekwisha kuwashwa, "Mheshimiwa, bega lako la kushoto limekaa juu kuliko la kulia. Aliyekushonea koti hili alikuwa na njaa." Ukumbi mzima uliangua kicheko. Yeye hakucheka, kwa kuwa hakuwa ametania. Miaka kumi na minane ya kushona kola na mabega katika kiwanda cha nguo ilikuwa imemfundisha kuitambua njaa ya mshonaji ndani ya mshono wake, jinsi uzi unavyokwenda mbio pale ulipotakiwa kutulia.

Kiwanda chenyewe kilikuwa ukumbi mrefu wenye laini kumi na mbili za vyerehani, kila laini wanawake sitini, chini ya taa za mirija ambazo hazikuzimwa hata jua likiwaka nje. Vumbi la pamba lilitua kwenye kope kama unga. Mwishoni mwa kila laini palikuwa na nguzo, kwenye nguzo msumari, na kwenye msumari kibao cha mbao cha ukubwa wa kiganja, kilichochomwa namba ya laini kwa chuma cha moto. Aliyetaka kwenda choo alichukua kibao. Kibao kikiwa hakipo, hakuna kwenda. Kibao kimoja, watu sitini. Aliyezidisha dakika nne alimkuta msimamizi mlangoni, macho kwenye saa. Wanawake walijizoeza kutokunywa maji tangu alfajiri, walijizoeza kubana, na hatimaye wakayazoea majina ya magonjwa ya figo na kibofu kama watu wanavyozoea majina ya majirani.

Mdogo wake alikuwa laini hiyohiyo, ya tisa, vyerehani viwili mbele. Asubuhi moja, akiwa na mimba ya miezi saba, aliomba ruhusa mara mbili, na mara mbili msimamizi akamjibu, "Subiri kibao." Akasubiri. Baadaye Fundi alisikia cherehani cha mdogo wake kikiendelea kulia bila kusita, akainua macho, akaona mkojo ukidondoka kutoka ukingoni mwa kiti. Mdogo wake alikuwa anashona. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini mguu haukuondoka kwenye kanyagio.

"Dada, usiseme kitu," alinong'ona. "Nimebakiza kola sita tu."

Fundi kweli hakusema kitu. Alizima cherehani chake, akaenda kwenye nguzo, ambako kibao kilikuwa ndio kwanza kimerudishwa, akakitoa msumarini na kukitia katika mfuko wa aproni. Msimamizi alipofungua kinywa, akamwambia, "Nenda kachonge kingine." Kisha akamshika mdogo wake mkono, wakatoka. Nyuma yao laini nzima ilisimama. Mpaka saa sita mchana wanawake hamsini na nane walikuwa wamepanga foleni mbele ya vyoo viwili, wakicheka kama wanafunzi waliotoroka darasa. Jioni Fundi alipewa barua ya kuachishwa kazi kwa "utovu wa nidhamu". Kibao hakikudaiwa. Hakuna aliyethubutu kukitaja kwa maandishi.

Kutoka hapo maisha yake yalikwenda kwa mkondo ambao hakuupanga. Alizunguka nyumba za vibarua kwa niaba ya chama cha wafanyakazi, akawa diwani, kisha chama cha siasa kikamwomba agombee ubunge, kwa sababu jimbo lilikuwa na viwanda saba na kilihitaji uso ambao wanawake wa viwandani wangeuamini. Kilitaka uso wake kwenye mabango. Mdomo uliokuja na uso huo hakikuufikiria sana.

Hata hivyo, kwa miaka miwili ya mwanzo mdomo wenyewe haukusema mengi. Alikaa kwenye kiti cha ngozi, kiyoyozi kikimpuliza shingoni, akijiuliza kama kweli kuna kazi inayofanyika pale, au kama amehamishwa tu kutoka ukumbi mmoja wa kelele hadi mwingine. Alisoma Kanuni za Bunge mwanzo hadi mwisho, akapiga mistari kwa chaki ya mshonaji, maana kalamu aliona inachafua. Katika daftari lake aliandika mambo matatu, basi: vumbi, vibarua, kibao.

La vumbi alilipata baada ya kuwafuata wajumbe wa kamati mpaka wakachoka naye. Feni za kunyonya vumbi zikawa lazima viwandani. La vibarua lilimwachia kidonda. Alikuwa ameomba miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa wanawake wasio na mikataba. Wakamwambia kwa upole kwamba akipunguza kidogo tu watamuunga mkono, naye akakubali, na miezi mitatu ikatoka upande wa pili ikiwa wiki sita. Walimpongeza. Alirudi nyumbani akakuta mdogo wake amepika, akashindwa kula. "Nimewauza," alisema. Mdogo wake akamjibu kwamba wiki sita si sifuri. Ni kweli, si sifuri. Lakini tangu siku hiyo Fundi aliogopa pongezi kuliko matusi.

Likabaki la kibao. Lilifika ukumbini katika kikao cha mwisho cha Bunge lile, miezi minne kabla ya uchaguzi, likiwa kifungu cha nne cha muswada wa marekebisho ya sheria ya kazi. Kilikuwa sentensi moja, aliyoiandika mwenyewe na kukataa isiguswe: *Mwajiri hatamzuia mfanyakazi kwenda choo, hatamdai kibali, wala hatamhesabia.*

Asubuhi ya siku ya kura, mnadhimu wa chama, yule ambaye kazi yake ni kuhakikisha wabunge wote wa chama wanapiga kura upande mmoja, alimngoja kwenye korido.

"Dada yangu, kiondoe hicho kifungu."

"Shikamoo kwanza huna?"

"Shikamoo. Kiondoe. Uteuzi wa wagombea ni wiki ijayo, na jina lako liko juu kabisa."

"Likianguka kutoka juu litaumia zaidi."

"Mimi nakutania? Wenye viwanda wamekasirika. Halafu, tusidanganyane, ni aibu. Watu watasema Bunge zima limekaa linajadili mkojo."

"Kwani hilo Bunge linakojoa wapi?"

Mnadhimu alicheka bila kutaka, kisha akashusha sauti. "Basi tukutane katikati. Acha 'hatamzuia'. Toa 'hatamhesabia'. Neno moja tu, mama. Ukilitoa, nakupa kura zote mchana huu."

Fundi aliyakumbuka yale maneno, *kidogo tu*, na zile wiki sita. Alijua pia jambo ambalo mnadhimu alilijua vizuri kuliko yeye. Kura ya bungeni hupigwa kwa sauti: Spika huuliza, wengine husema ndiyo, wengine siyo, naye huamua kwa sikio lake nani wameshinda, na hakuna anayejua nani amesema nini. Kwa sauti, angeshindwa. Lakini mbunge yeyote anaweza kuomba majina yaitwe, na wenzake ishirini wakisimama kumuunga mkono, milango hufungwa na kila mmoja hujibu kwa jina lake, kumbukumbu rasmi zikiandika. Miezi minne kabla ya uchaguzi, wangapi wangetaka majina yao yaandikwe kando ya neno *siyo*, ilhali majimbo zaidi ya thelathini yana viwanda? Alihitaji watu ishirini wa kusimama. Aliokuwa na uhakika nao walikuwa kumi na mmoja.

"Neno silitoi," alisema.

Mjadala ulikuwa mkali. Mara mbili Spika alimtaka atumie lugha ya staha, aseme maliwato au haja. Mara mbili alijibu kwamba huko anakotoka watu hukatazwa kwenda choo, na kwamba yeye hawezi kuliondoa jambo katika maisha ya watu kwa kulibadilisha jina. Aliyempinga kwa ufasaha zaidi alikuwa mbunge mkongwe kuliko wote, wa vipindi sita, aliyeshiriki kuziandika Kanuni zenyewe, na kwa hiyo wote walimwita Mzee Kanuni. Mzee huyu hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba sheria ina mahali pake.

"Mheshimiwa Spika," alisema, akiegemea fimbo yake, "tukiingia na sheria chooni leo, kesho tutatunga ya kupiga chafya. Mtu mzima hupanga haja zake! Mimi nimekaa humu miaka thelathini, sijawahi kumsumbua mtu."

Vicheko, makofi ya mezani. Spika akauliza swali. *Siyo* ikanguruma, hata kwa watu ambao hawakuwa wamesikia wanakataa nini.

"Nadhani waliosema siyo wameshinda," alisema Spika.

"Mheshimiwa Spika, naomba majina!"

Wakati huohuo kengele ya chai ikalia koridoni, kama ilivyolia kila siku saa kumi kamili. Spika, kwa mazoea, alitamka maneno yake haraka: "Wanaounga mkono ombi hilo wasimame." Lakini safu mbili za nyuma zilikuwa zimekwisha kusimama. Wenyewe walikuwa na makabrasha kwapani, mguu mmoja tayari nje, mawazo yao kwenye chai ya moto. Katibu wa Bunge, mwanamke asiyejua utani, akahesabu kwa kidole na kutangaza, "Thelathini na wanne."

"Hao wanakwenda kunywa chai!" alipiga kelele mnadhimu.

"Kanuni inasemaje?" aliuliza Spika, na macho yote yakamgeukia Mzee Kanuni.

Mzee angeweza kunyamaza. Lakini hakuwahi kukubali kanuni yake isomwe vibaya, hata kwa faida ya upande wake. "Kanuni inasema wakisimama," alijibu kwa huzuni kidogo. "Haiulizi wamesimamia nini."

Milango ikafungwa. Kanuni hiyohiyo ilisema kwamba haifunguliwi mpaka jina la mwisho. Ikifunguliwa kabla, zoezi linakufa na Spika anarudi kuuliza swali kwa sauti upya. Na haiwezi kufunguliwa bila ridhaa ya mtoa hoja.

Yalikuwa majina mia tatu na kumi na mawili, na katibu aliyasoma kama mtu anayepanga vyombo vya kioo. Mambo yakawa kama Fundi alivyotarajia. Watu walionguruma *siyo* dakika kumi zilizopita walisikia majina yao, wakatazama juu kwenye jukwaa la wageni, ambako mdogo wake na wenzake kumi wa laini ya tisa walikuwa wameketi na aproni zao, kisha wakasema "Ndiyo" kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Majina mia na sitini yalipokuwa yamekwisha kuitwa, alikuwa anaongoza kwa kura thelathini.

Ndipo Mzee Kanuni akasimama.

"Mheshimiwa Spika, nina dharura."

"Dharura gani, Mheshimiwa?"

"Ya binafsi."

"Kanuni inataka itajwe."

Ilikuwa kanuni yake. Mzee alitazama fimbo yake. "Naomba kwenda nje mara moja."

"Kufanya nini?" alidakia mtu wa nyuma, na mwingine akaongeza, "Panga haja zako, mzee! Mtu mzima wewe!" Ukumbi ulilipuka. Watu walijipiga mapaja. Hata mmoja wa wale kumi na mmoja wa Fundi alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

Fundi hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wa mzee juu ya meza, jinsi vidole vilivyong'ang'ania ukingo hadi kucha zikawa nyeupe, na jasho juu ya mdomo. Aliijua sura ile. Aliwahi kuiona vyerehani viwili mbele yake.

"Uamuzi ni wa mtoa hoja," alisema Spika. Mnadhimu aliegemea nyuma, mikono kifuani, uso wake umetulia. Fundi akikubali, kura inakufa. Akikataa, kesho magazeti yote yatamwita kwa jina la msimamizi wa laini ya tisa.

Hakuwa na hakika. Watu wanaosimulia habari zake leo humfanya jasiri asiyeyumba, lakini yeye mwenyewe amesema mara nyingi kwamba alisimama pale akijiuliza kama huruma hii si yale mapunguzo ya wiki sita yamerudi yamevaa nguo nyingine. Ilikuwa haki yake kukataa. Wanawake elfu ngapi, dhidi ya mzee mmoja aliyewacheka? Alitazama juu. Mdogo wake hakumpa ishara yoyote. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama magoti yake mwenyewe.

Fundi akafungua mkoba, akatoa kibao cha mbao cheusi kwa mafuta ya mikono, namba tisa imechomwa katikati, akakiinua juu.

"Mheshimiwa Spika, hiki ndicho kibali ambacho mdogo wangu alinyimwa. Na mzee wangu huyu simpi, kwa sababu hakihitaji. Afunguliwe mlango, aende mikono mitupu kama binadamu. Nataka tu iandikwe kwamba mbunge wa vipindi sita ameomba ruhusa ya kwenda choo mbele ya wenzake, wakamcheka. Na liandikwe *choo*. Asiandike mtu neno lingine."

Mlango ukafunguliwa. Mzee Kanuni akatoka kwa hatua fupifupi, na nyuma yake, bila aibu yoyote, wakatoka waheshimiwa wengine kumi na watano mbio.

"Zoezi limekufa!" mnadhimu alikuwa wa kwanza kusimama. Na kweli lilikuwa limekufa. Spika aliuliza swali upya. *Siyo* ilikuwa imepungua makali, lakini bado ilikuwa nene kuliko *ndiyo*, na akasema anadhani waliosema siyo wameshinda.

"Naomba majina," alisema Fundi.

"Umeshaomba!" alifoka mnadhimu. "Hivi mama huyu hachoki?"

"Sichoki. Naomba majina."

Safari hii kengele haikulia. Chai ilikuwa imepoa zamani. Atakayesimama, atakuwa amesimama kwa akili zake. Walisimama wale kumi na mmoja. Kisha, kutoka safu ya nyuma, akasimama yule mbunge wa koti lenye bega la juu, mmoja wa watu wa chai. Akafuata jirani yake, akijifanya ananyoosha mgongo, kisha akaacha kujifanya. Katibu alihesabu kwa sauti: kumi na tano, kumi na saba, kumi na tisa. Kidole chake kikabaki hewani.

Mzee Kanuni akaingia akifuta mikono kwa leso. Akapita katikati ya ukumbi taratibu, akafika kwenye meza yake, akaikunja leso mara nne. Hakuketi.

"Mzee, keti, tunahesabu!" mnadhimu alimwambia.

"Nimeona mnahesabu," alijibu. "Hesabuni."

"Ishirini," alisema katibu.

Naelewa kwamba ukilisikia hili unaweza kudhani limetiwa chumvi. Hata Fundi husema kwamba angelisikia kwa mtu mwingine asingeliamini. Milango ikafungwa tena, majina yakaitwa tangu la kwanza, na jina la Mzee Kanuni lilipofika alijibu kwa sauti kavu, iliyosikika hadi jukwaani, "Siyo." Hapo Fundi alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kifungu kilipita kwa tofauti ya kura kumi na tisa. Kwenye korido mzee alimsubiri. "Nilisimama ili uhesabiwe," alimwambia. "Sikusema nimekubali."

"Nami nilikufungulia mlango, mzee wangu. Sikusema unipende."

Wiki iliyofuata orodha ya wagombea ilitoka, na jina lake halikuwapo juu wala chini. Hakukata rufaa. Siku hizi ana chumba chini ya ngazi za jengo moja la maduka, vyerehani viwili, na meza ya kukatia vitambaa. Hushona sare za wauguzi na kurekebisha makoti. Bega la yule mheshimiwa lilikuwa la kwanza. Hata mnadhimu hufika, maana hakuna anayejua kiuno chake kama yeye. Mara ya mwisho alikuwa amesimama mbele ya kioo, mikono imeinuliwa.

"Lakini dada, kusema kweli," alisema, "ungetoa lile neno moja, leo ungekuwa naibu waziri. Neno moja! Lilikuwa na kazi gani?"

"Toa tumbo, usilibane. Ukilibana, suruali nitaishona ya mtu ambaye hayupo."

Kabla hajaandika kipimo, mlango ulisukumwa. Alikuwa mdogo wake, aproni bado mwilini, anatweta.

"Dada, vibao wametoa vyote, misumari wameng'oa. Lakini leo wameweka mlinzi mlangoni mwa choo, ana daftari. Anaandika jina, na saa ya kuingia, na saa ya kutoka. Wanasema hawamzuii mtu, wanahesabu tu."

Fundi aliizungusha futi ya kupimia shingoni mwake. Kwenye droo ya cherehani, chini ya mikebe ya uzi, alikuwa na nakala ya sheria iliyopigwa mstari kwa chaki chini ya neno la mwisho la kifungu cha nne. Akaitoa, akaikunja, na kumgeukia mnadhimu, ambaye bado alikuwa ameinua mikono.

"Umesikia kazi ya neno?" alimwambia. "Shusha mikono, vaa koti lako. Nafunga duka."